Kelele ya Megahezi 403

Kinusamawimbi kilienea kiganjani kama kipande cha sabuni, na kazi yake ilikuwa moja tu: kumtafuta mtu aliyefukiwa. Mwaka 2094 karibu kila mkazi wa Morogoro alikuwa na kifaa mwilini, cha sukari, cha presha au cha moyo, na kila aina ya kifaa ilirusha mawimbi kwa masafa yake. Kinusamawimbi kiliyanasa hata yakiwa chini ya mita sita za tope. Tangu mlima uporomoke jana asubuhi, vinusamawimbi hamsini vilikuwa mtaa wa Mitiki vikitafuta watu saba. Sita walishapatikana. Mwalimu Perpetua Mgeta bado.

Mhandisi Fausta Kobelo alikuwa karakanani, ndani ya chumba bubu, akigombana na kinusamawimbi cha hamsini na moja.

Kuta za shaba za chumba hicho hazikupitisha wimbi lolote kutoka nje. Mpimaji aliingia peke yake, akaacha mlangoni simu, saa, mkanda, hata hereni. Kisha alichomoa antena na kusikiliza. Kelele yoyote iliyosikika hapo ilihesabiwa kuwa imetoka tumboni mwa chombo chenyewe, na masafa yake yalizibwa, waokoaji wasije wakachimba wakifuata kelele ya betri.

Kwenye megahezi 403 kulikuwa na kelele. Fausta alibadilisha betri, kelele ikabaki. Akaifunga saketi kwa karatasi ya shaba, akazima kioo, akang'oa taa. Kelele ikabaki palepale. Alitamani kukipigiza ukutani. Miezi minane sasa kila chombo alichokipima kilikuwa na ugonjwa huohuo, na kila mara aliishia kuyaziba masafa na kutia sahihi. Kiwanda kilimjibu kwamba chipu zake hazina kasoro. Leo aliapa kutoziba kitu mpaka amjue mchawi wake.

Mara mbili Damas, mtunza stoo, alimgongea mlango kumwambia kwamba kamanda wa uokoaji anaulizia chombo. Mara ya tatu Fausta alikibwaga chombo kwenye meza ya mle ndani, akatoka.

"Ingia wewe," alisema. "Usiguse kitu. Sikiliza tu, halafu uniambie kama nimeanza kuwa kichaa."

Damas alivua saa, akaingia. Alikaa dakika tano.

"Dada Fausta, mbona kimya?"

Fausta akamrudisha ndani. Kimya tena. Akaingia yeye, kelele ikaanza. Akakiacha chombo mezani na kurudi nyuma hadi ukutani, ikafifia. Akakisogeza kifuani, ikapanda.

Miezi minane iliyopita daktari alimpandikizia kidundo, kifaa kidogo cha kuusaidia moyo kudunda. Kila siku alikuwa akivua hereni kwa uaminifu, na hiki akaingia nacho, kwa kuwa hakikumuuma tena na alishakisahau.

Aliikimbilia simu.

"Kamanda, fungueni 403 kwenye vyombo vyote. Ni masafa ya vidundo, na niliyaziba mimi. Mwalimu ana kidundo?"

Kamanda Lukwele alijibu kwamba mume wa mwalimu aliwaambia anacho, lakini vyombo vilikuwa kimya, wakahamia upande wa mto. Fausta alimsikia akitoa amri, kisha viatu vikikanyaga tope, kisha mlio alioujua wa 403.

"Tumempata," alisema Lukwele. "Yuko chini ya hema letu."

"Kifaa kinasemaje?"

Kidundo hurusha pia taarifa ya moyo. Kamanda aliisoma.

"Kifaa kinapiga, mhandisi. Moyo haujibu. Uliacha leo, saa nne asubuhi."

Ilikuwa saa nane mchana. Zaidi ya siku nzima mwalimu alikuwa hai, na vyombo hamsini vilipita juu yake vikiwa vimeamriwa na Fausta visimsikie. Aliona aibu kiasi cha kushindwa kumtazama Damas. Alikaa sakafuni, simu bado mkononi, akamwomba amletee majalada ya maporomoko yote ya miezi minane, yenye majina ya watu ambao hawakupatikana.