Koroboi ya Shingo Nyembamba

Kwanza ilikuwa harufu. Koroboi mpya ya Wepukhulu ilinuka baruti, ilhali mafuta ya taa aliyatoa kioski kile kile cha majirani wote wa Laini Saba. Mkewe Jentrix, mjamzito wa miezi minane, aliziba pua akasema labda ni tumbo linamchezea. Wepukhulu akacheka. Fundi wa koroboi haambiwi kitu kuhusu kazi ya mkono wake.

Na hii aliiunda kwa mapenzi, ya kumulikia mtoto. Walikuwa wamemzika Hope, kifungua mimba wao, mwaka wa tisini na tano, kabla hajafikisha mwezi. Jentrix alishasema wakimkosa huyu wa pili, hatazaa tena.

Katika gunia la Dalmas, muuza vyuma kuukuu wa Kawangware, Wepukhulu alipata ganda la risasi, la shaba, dogo, lililobanwa juu likawa na shingo. Alikata kitako, akapitisha utambi, akalilehemu kwenye mkebe. Utambi ulikaa barabara.

Nyamai, jirani yake, mlinzi wa duka la mbao aliyewahi kuwa mwanajeshi, aliigeuzageuza ile koroboi.

"Nimekaa jeshi miaka kumi na nane, na hii sijawahi kupewa," alisema. "Ni ya zile bunduki fupi za watu wanalinda wakubwa. Ndogo hivi, lakini inapita hata fulana ya chuma."

"Ilishakufa, mzee. Ni ganda tu."

"Ganda ndiyo hii. Kichwa yake iliingia mahali."

Mtoto alizaliwa Agosti, wa kiume, akalia siku tatu mfululizo. Mama yake Wepukhulu, Bridgit, ambaye ploti nzima ilimwita Kukhu, yaani nyanya, alifika kutoka Bungoma na kusema huo si ugonjwa. Kwao Wabukusu mtoto analilia jina. Wazee waliokufa huitwa mmoja mmoja, na yule ambaye mtoto atanyamaza kwa jina lake, ndiye amerudi.

Jioni ya tatu wakawasha koroboi, wakafunga mlango, Kukhu akaanza. "Ni wewe, Nabiswa?" Mtoto akalia. "Ni wewe, Makokha?" Akalia zaidi. Kila jina lilipotajwa moto wa koroboi uliinama kuelekea kitandani, ingawa upepo haukuwa na pa kupitia, na harufu ya baruti ikawa nzito hadi Jentrix akaanza kukohoa. Kisha nje kukasikika miguu ya mtu anayekimbia, ikasimama kwa jirani, pakabishwa, ikakimbia tena, ikasimama mlango wa pili, pakabishwa, ikaja hivyo hivyo kando ya ukuta wa mabati, mlango kwa mlango, mpaka ikasimama kwao, na wote watatu wakasikia pumzi ya mtu aliyechoka kabisa, na Wepukhulu alipofungua hapakuwa na mtu, wala mbwa, wala jirani hata mmoja aliyetoka kuuliza ni nani aliyekuwa akimbishia. Alirudi ndani, akamwona mke wake analia pamoja na mtoto, na uchovu wa siku tatu ukamtoka mdomoni kabla hajaupima.

"Basi yeyote anayemtaka huyu mtoto, aingie, tulale."

Mtoto akanyamaza.

Kukhu alishusha mikono polepole. "Umeita nani?" alinong'ona.

"Sijaita mtu, mama."

"Umeita asiye na kwao. Na maji yakimwagika hayazoleki."

Tangu hapo mtoto hakulia, wala hakunyonya. Alikodolea koroboi macho tu, usiku kucha. Alfajiri Kukhu akasema, "Rudisha hiyo kitu mahali ilitoka. Labda huyo uliyemwita atafuata yake."

Wepukhulu alitembea mpaka mtaa wa Kongo, kule Kawangware. Dalmas alimpeleka kwenye mtaro nyuma ya vyoo.

"Niliokota hapa. Kulikuwa na jamaa alipigwa risasi mwezi wa sita," alisema, akitazama chini. "Hakuna mtu alimjua. Alikuja akikimbia, akabisha kila mlango hii laini. Hakuna mtu alifungua. Hata mimi sikufungua, ndugu yangu."

Wepukhulu aling'oa ganda kwenye mkebe, akalifukia, akasali Baba Yetu mara mbili. Aliogopa sana, lakini njiani kurudi alijiruhusu kutumaini kidogo.

Alimkuta Kukhu ameketi nje, leso kichwani, hataki kumtazama. Ndani Jentrix alikuwa anamwogesha mtoto kwenye karai.

"Amenyonya?" aliuliza.

"Baba Hope, gusa hapa."

Jentrix alimshika kidole, akakiweka chini ya ziwa la kushoto la mtoto. Hapakuwa na kidonda wala alama. Lakini ndani ya ngozi palikuwa na kitu kigumu, kirefu kidogo, chenye ncha. Wepukhulu hakuhitaji kukipima, maana vidole vyake ndivyo vilivyopitisha utambi katika ile shingo, na unene wake aliujua. Ganda alilizika Kongo. Kichwa kilibaki ndani ya mtu, na yule mtu alikwishakaribishwa ndani.

Alibonyeza kidogo, akiomba mtoto alie.

Mtoto alimtazama tu, akihema haraka haraka, kama mtu aliyetoka mbio.