Mkono wa Feza na Dawa ya Kopo

Feza alikuwa msusi wa nywele mjini Kindu. Alifanya kazi katika saloni ya Mama Kavugho, kule Kasuku, karibu na stesheni ya treni. Alisuka kwa uzi mweusi, mistari yake ikanyooka kama reli. Wanawake walipojitazama kwenye kioo walisema, "Feza, Mungu alinde mikono yako!"

Naye alijibu, "Amina, mama. Mikono hii njo shamba langu."

Mama Kavugho alitoka Butembo kufanya biashara. Yeye ndiye aliyemfundisha Feza kazi. Feza alipoolewa na Onema, fundi wa baiskeli, Mama Kavugho alileta mbuzi mnene kuliko wa wajomba. Mteja akiuliza, "Huyu ni mfanyakazi wako?" alikasirika.

"Mufanyakazi gani? Huyu ni mutoto wangu!"

Feza alilipenda sana neno hilo.

Jumamosi moja, baada ya salongo, ile kazi ya wote ya kusafisha mji, aliingia bibi harusi kutoka Alunguli, ng'ambo ya mto. Alitaka nywele zake zinyooshwe kwa dawa ya kopo. Dawa hiyo ni kali. Inanyoosha nywele, lakini inaweza kula ngozi. Kwa hiyo msusi humpaka mteja vaselini kichwani kwanza, ili dawa isimchome. Kichwa cha mteja kinalindwa. Mikono ya msusi je? Glavu za saloni zilikuwa zimechanika zamani. Feza hakuomba nyingine. Mtoto hamdai mama yake, ndivyo alivyofikiri.

Shangazi za bibi harusi walisimama mlangoni.

"Fanya mbio, mama! Mutumbwi hautatungoja!"

"Ama unataka bwana harusi aoe kitambaa cha kichwa?"

Wote wakacheka. Feza naye akacheka, na kopo likamponyoka. Dawa ikamwagikia mkono wake wa kulia, kutoka vidoleni mpaka juu ya kifundo.

Mama Kavugho alikuwa sokoni. Feza alijifuta kwa kitambaa kikavu, kisha akajipaka vaselini nyingi. Alifikiri hivi: ikiwa vaselini inazuia dawa isiunguze kichwa, basi itaizima mkononi pia. Hapo alikosea. Vaselini iliyopakwa kabla ya dawa ni ukuta. Iliyopakwa baada ya dawa ni kifuniko: dawa inabaki chini yake, inaendelea kula. Mkono ule ulihitaji maji. Maji safi, mengi, yakimiminika juu yake kwa muda mrefu.

Alimaliza kichwa cha bibi harusi huku ameuma meno. Bibi harusi akavuka mto, mzuri kama mwezi. Feza akarudi nyumbani mkono ukiwaka.

Kesho yake mkono ulijaa malengelenge. Onema alimpeleka mke wake hospitali. Munganga, yaani daktari, akauliza, "Mama, umeungua na nini?"

Feza alitazama sakafu. Alimwaza Mama Kavugho. Watu wangesema saloni yake inaunguza watu.

"Mafuta ya mawese," akasema. "Nilikuwa ninakaanga ndizi nyumbani."

Onema alimtazama. Nyumbani hakukuwa na ndizi hata moja. Munganga akatibu moto wa mafuta, maana ndio alioambiwa. Kwa Mama Kavugho, Feza alituma habari kwamba ana malaria.

Bandeji zilitaka pesa, na baiskeli za kutengeneza zilikuwa chache. Feza akaacha kwenda hospitali. Vidole vikaanza kukakamaa. Asubuhi moja alijaribu kushika uzi wa kusukia. Uzi ukaanguka. Akauokota kwa mkono wa kushoto, akajaribu tena. Ukaanguka tena.

"Onema," akalia, "mukono huu usipokunjika, miye nitakuwa nani?"

Wakati huo jirani yao, Baba Xavier, aliingia uani akisukuma baiskeli yake mbovu. Alikuwa fundi katika karakana ya reli, tena wenzake walikuwa wamemchagua kuwa delege, yaani msemaji wa wafanyakazi.

"Hodi! Nimeambiwa mama wa hapa anaumwa malaria," akasema. Kisha akauona mkono. "Malaria gani hii inayokula vidole?"

Feza alitaka kuuficha ndani ya kitenge.

"Usiufiche, mutoto wangu. Tazama wangu." Akainua mkono wa kushoto. Kidole kimoja hakikuwapo. "Kidole hiki kiko wapi?"

"Sijui, baba."

"Hata miye sijui! Mashine ilikichukua bila kuniaga." Feza akacheka kidogo, machozi bado machoni. "Lakini siku ileile nilisema: nimeumia kazini. Neno hilo lilinisaidia. Sasa wewe sema. Uliungua wapi?"

Feza akamtazama mume wake.

"Muambie," Onema akasema. "Ndizi zile miye sikuzila."

Basi Feza akasimulia yote: bibi harusi, kopo, vaselini, uongo wa hospitali. Baba Xavier akaegemeza baiskeli yake ukutani.

"Hiyo ni ajali ya kazi," akasema. "Muntu akiumia kazini, sheria inamulinda. Iko ofisi inaitwa INSS. Muajiri anapaswa kuandikisha wafanyakazi wake kule na kuwatolea mchango. Mufanyakazi akiumia, muajiri anapeleka habari haraka, na munganga anaandika namna alivyoumia. Halafu ofisi inasaidia matibabu, na inamupa muntu kitu cha kula wakati hawezi kufanya kazi. Mukono ukibaki na kilema, nacho kinahesabiwa."

"Hiyo ni ya watu wa reli, baba. Miye ni msusi tu."

"Sheria haiulizi kama unashika nyundo ao kitana. Inauliza: unamufanyia nani kazi?"

Feza akatikisa kichwa. "Mama Kavugho hakuniandikisha. Ananiita mutoto wake. Nitamushitaki mama yangu?"

"Nani amesema kushitaki? Kumuambia muntu ukweli si kumushitaki. Wewe ni mutoto wake kwa moyo. Kwa sheria, wewe ni mufanyakazi wake. Moyo haununui bandeji, Feza."

Mchana huo walikwenda saloni, wote watatu. Mama Kavugho alipomwona delege, alikunja uso.

"Kumbe mnaniletea chama cha wafanyakazi? Miye niliyemulea huyu? Miye niliyeleta mbuzi?"

"Mbuzi tulimula, mama, alikuwa mutamu," Baba Xavier akasema. "Feza, fungua kitambaa."

Feza akafungua. Mama Kavugho akasogea. Akaushika mkono ule kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayeshika kifaranga.

"Uliniambia malaria!"

"Niliogopa kuchafua jina lako, mama."

"Jina langu!" Mama Kavugho akapiga kelele, na machozi yakamtoka. "Jina langu linasuka nywele? Ungeniambia, ningekubeba mugongoni!"

Alifunga saloni palepale. Hospitalini alitangulia yeye mwenyewe mbele ya munganga. "Si mafuta ya ndizi," akasema. "Ni dawa yangu, ndani ya saloni yangu. Andika hivyo." Munganga akabadilisha matibabu, akamwonyesha Feza namna ya kukunja vidole kila siku, hata vikiuma.

Kutoka pale wakaenda INSS. Karani alimwambia Mama Kavugho wazi kwamba alikosea kukaa na wafanyakazi bila kuwaandikisha. Hakubisha. Aliandikisha wasusi wake wote, akakubali kulipa yaliyompasa, akaeleza ajali ya Feza. Safari za ofisini zilikuwa nyingi. Mara nyingine karani hakuwapo. Baba Xavier aliwaambia wasichoke, nao hawakuchoka. Msaada ukafika. Feza akatibiwa bila kukatiza.

Mvua zilipokwisha, vidole vilikunjika. Kidole cha mwisho tu kilibaki kigumu kidogo. Siku aliyorudi saloni, Feza alikuta ndoo kubwa ya maji safi kando ya kioo, na glavu mpya msumarini. Mama Kavugho alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, amefumua nywele zake.

"Anza na miye," akasema. "Ukinivuta vibaya, nitapiga kelele mpaka wanisikie mji wa Punia."

Feza akashika uzi. Uzi haukuanguka.

Mteja mmoja aliyekuwa akingoja akauliza, "Mama Kavugho, huyu si yule mutoto wako?"

"Huyu ni mufanyakazi wangu," Mama Kavugho akajibu.

Mteja akashangaa. "Kwani amekosa nini? Umemufukuza kuwa mutoto?"

"Hapana. Nimemuandikisha."

Feza aliinama juu ya kichwa kile chenye mvi, akafunga kwa uzi mkia wa kwanza wa nywele. "Asante, mama," akasema kwa sauti ndogo.

"Asante ya nini? Suka."