Chupa ya Kunyweshea Keki

Mkebe ulikuwa mahali pake, juu ya kabati la jikoni, umefunikwa vizuri. Keki ndiyo haikuwamo.

Inspekta aliutazama kwa muda. Kituoni walimwita Bibi Swali, naye hakuchukia. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na majina mabaya kuliko hilo alikuwa ameshapewa. Nyuma yake koplo alijikaza asicheke.

"Afande," alinong'ona, "na hii nayo tutaita ndugu waje kuitambua?"

"Funga mdomo, fungua daftari."

Mlalamikaji, fundi saa aliyestaafu, alikuwa amesimama mlangoni. Vifungo vya shati lake vilikuwa vimefungwa vikapishana. Alikuwa amesikia.

"Cheka tu, mwanangu," alimwambia koplo. "Ni keki, hata mimi najua. Lakini mke wangu aliioka wiki kumi na moja zilizopita, na wiki mbili baadaye tukamzika. Kazi ya mwisho ya mkono wake ndiyo ile. Tulikuwa tuile sikukuu, mimi na binti yangu. Sina kingine ninachokingojea."

Koplo aliinamia daftari lake na hakuinua uso tena.

"Uliiona lini mara ya mwisho, Mzee?" Inspekta aliuliza.

"Jumapili ya kabla ya hii iliyopita. Jumapili hii sikuiona, nilikuwa makaburini."

"Kwa nini Jumapili?"

"Keki ya matunda haiwekwi tu ikasahauliwa. Kila Jumapili inafunuliwa, inamwagiwa brandi vijiko viwili, inafungwa tena. Marehemu alikuwa anasema anainywesha. Sasa anayeinywesha ni binti yangu."

"Na wewe?"

"Mimi siigusi."

Alijibu upesi mno, na Inspekta akaliweka jibu hilo akilini.

Dirisha la jikoni lilikuwa limevunjwa. Koplo alitoka nje, akachuchumaa, akarudi na uso wa mtu aliyepata.

"Vipande vyote viko nje, Afande. Ndani hakuna hata kimoja. Aliyevunja alikuwa humu humu."

"Na mkebe unanuka sabuni," alisema Inspekta. "Ni mwizi gani huyo, anaiba keki halafu anaosha vyombo?"

Binti alikuwa sebuleni, anasahihisha mitihani. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na hata kalamu zake zilipangwa kwa urefu. Juu ya kichwa chake kalenda ilionyesha kila Jumapili tangu mazishi ikiwa na alama nyekundu ya vema. Zilikuwa nane. Ni Jumapili iliyopita tu isiyokuwa nayo.

"Jumapili hii hukuinywesha," alisema Inspekta.

"Nilisahau kuweka alama."

"Mtu kama wewe?"

Binti alivuta karatasi nyingine ya mtihani.

"Mwalimu, kioo kimeangukia nje. Keki iko wapi?"

Binti aliweka kalamu mezani taratibu. "Nimeizika."

"Umeizika?"

"Chini ya kamba ya nguo. Ningeitupaje jalalani? Ni ya mama." Aliisukuma mitihani pembeni. "Niliifunua Jumapili nikakuta imeota ukungu. Afande, sikukosea hata mara moja. Vijiko viwili, saa nne kamili, kama mama alivyonielekeza. Watoto wa watu nawafundisha vipimo, halafu keki moja ya mama inanifia mikononi. Nikaona afadhali baba amlaani mwizi, kuliko ajue ni mimi."

Koplo alichimba kwa jembe dogo la bustani, na safari hii hakuwa na mzaha. Keki ilitoka ndani ya kitambaa cheupe kilichotariziwa pembeni. Waliiweka kwenye meza ya jikoni, baba na binti wakitazama. Inspekta aliikata kwa kisu. Zabibu zilikuwamo, lozi, maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari. Harufu ya karafuu bado ilikuwepo, dhaifu. Lakini kote kulikuwa na ukungu wa kijani, hadi katikati.

Inspekta hakuwa mwokaji wa kusifiwa. Pombe, hata hivyo, aliijua. Miaka kumi na miwili alikuwa kwenye kesi za gongo na vileo bandia.

"Kitu kilicholowa brandi miezi miwili hakioti ukungu namna hii," alisema. "Nipeni chupa ya hiyo brandi."

Chupa ilikuwa kwenye rafu ya wazi, kati ya chumvi na mafuta. Inspekta aliifungua, akanusa, akachovya kidole na kuonja.

"Mwalimu, hii umewahi kuinusa?"

"Hapana. Nikiifungua naziba pumzi."

"Kwa nini?"

Binti alimtupia baba yake jicho, kisha akatazama sakafu. "Nimekulia kwenye harufu hiyo. Baba aliacha pombe nikiwa na miaka kumi na minne, lakini ikinifikia puani, mpaka leo nasikia viti vinaanguka."

"Inuse sasa."

Aliinama. Akanusa. Akanusa tena, kama mtu asiyeamini jibu la hesabu aliyoipiga mwenyewe.

"Chai," alisema. "Chai ya rangi. Imechacha."

Fundi saa alikaa kabla hajaambiwa akae. Karibu yake palikuwa na saa ya mkono iliyofunguliwa, skrubu zake zimetawanyika, na tabaka la vumbi juu yake.

"Mikono ilianza kutetemeka lini, Mzee?"

"Wiki ya mazishi."

"Sema yote."

"Miaka kumi na tisa chupa imekaa rafuni pale bila kufuli," alisema mzee. "Watu walimwambia mke wangu aifiche. Akakataa. Akasema, 'Nikiificha nitakuwa nimekuambia sikuamini.' Kila mwaka anaoka, anainywesha keki, anairudisha chupa palepale. Nami sikuigusa. Siku ya nne baada ya kumzika, waombolezaji wameshaondoka, mchana kweupe, nilikuja kutafuta chumvi."

Aliisukuma skrubu moja ya saa kwa kidole.

"Niliimaliza siku mbili. Nikaijaza chai, ikichacha naibadilisha. Na pombe nyingine nikaitafuta kwingine. Nilijiambia keki haitajua tofauti."

Koplo alikuwa ameacha kuandika.

"Baba," binti alisema, "kila Jumapili ulikaa kwenye kiti hicho."

"Ndiyo."

"Ukaniangalia nikipima chai kwa kijiko."

"Ndiyo, mwanangu."

"Siku nne hizi nalia bafuni, bomba nimelifungulia usinisikie. Najiona nimemuua mama mara ya pili. Na wewe ukaenda kuita polisi!"

"Sikujua imeharibika. Nilidhani ni mwizi kweli. Haki ya Mungu sikujua." Aliivuta ile keki iliyoharibika, akaigeuza pande zote kwa vidole visivyotulia, akitafuta mahali pazima angalau pa kumega. Hapakuwepo. "Niliogopa ukijua nimerudia utaondoka. Nami ningebaki humu na nani?"

Koplo alisogea karibu na bosi wake. "Afande, tuandike nini?"

"Andika hakuna wizi. Halafu tangulia garini."

Inspekta alivaa kofia yake. Miaka thelathini alikuwa amesikia watu wakikiri, na kwa kawaida baada ya kukiri kulikuwa na pingu, au kelele, au angalau mlango wa kubamiza. Hapa hapakuwa na cha kumfanyia mtu yeyote. Iliumiza zaidi hivyo, naye hakujidanganya kuwa haimuumizi.

Alipofika mlangoni alimsikia binti akivuta kiti.

"Baba. Leo umekunywa?"

Mzee aliitazama rafu.

"Leo bado."

"Basi sogea," alisema binti, huku bado analia. "Nakaa hapa mpaka jioni."