Ufunguo wa Marehemu

Hii ilimpata rafiki yangu Ubah, anayeuza maziwa ya ngamia hapa Isiolo. Alinunua gari kwa mjane, akapewa ufunguo mmoja. Wa pili ulipotea mumewe, mwenye gari, alipokufa.

Gari likawa linazima ovyo. Fundi Njogu akaunganisha mashine yake ya kupimia kwenye gari. “Kuna ufunguo mwingine karibu. Unachanganya gari.”

Wakapekua mpaka chini ya viti. Hakuna. Njogu akaufuta ule wa pili kwenye kompyuta ya gari.

Magharibi ile, Ubah akiwa njiani karibu na Ngaremara, gari likazima tena. Giza likaingia. Ubah akachomoa ufunguo, akaukaza kiganjani, akamfokea marehemu:

“Hii gari ni yangu! Sishuki!”

Injini ikawaka yenyewe. Nyuma, kati ya mitungi ya maziwa, funguo zikalia taratibu, kama za mtu anayezirudisha mfukoni.