Ndala Zilizolowa

Mvua ilikuwa haijanyesha siku nyingi, lakini kila adhuhuri, pale mlango wa jikoni, palikutwa ndala za mtoto zimelowa chapachapa.

Mama Kadogo aliziona, akadhani ni za mmoja wa watoto anaowalea. Watoto na maji tena! Akazianika ukutani, akaendelea na shughuli zake. Jioni wazazi wakaja, kila mtoto akavaa zake akaenda kwao, zile zikabaki. Asubuhi hazipo. Adhuhuri zimerudi, zinachuruzika.

Kazi yenyewe ilikuwa bado changa. Kabla ya hapo alikuwa akishona mashati kiwandani, anatoka Kadogo amelala, anarudi Kadogo amelala. Siku moja mtoto akaanguka, akamkimbilia bibi yake huku akimwita "mama," na mama mwenyewe amesimama palepale, mikono mitupu. Ilimchoma, usiombe. Akaacha kiwanda, akatandika mikeka sebuleni, akawaambia majirani: nileteeni wanenu, nitawalea pamoja na wangu. Alichotaka ni kimoja tu, asimkose tena mwanawe.

Na kazi aliiweza, tumpe haki yake. Baada ya chakula cha mchana aliwalaza wote mkekani, akawafunika shuka gubigubi kwa sababu ya inzi. Mzazi akija mtoto hajaamka, Mama Kadogo anamnyanyua na shuka lake, mkono mmoja shingoni, mwingine magotini, anamkabidhi bila hata kope kutikisika. Mtoto aliyelala haamshwi, hiyo ndiyo ilikuwa amri ya nyumba ile. Mama mkwe wake alikuwa akimtania, "Mwenzangu, ungekuwa mwizi wa watoto ungetajirika!" Wakacheka wote wawili.

Kisha ikaja harufu. Harufu ya jivu lililomwagiwa maji, na jiko halijawashwa. Ilianzia mlangoni, ikaingia sebuleni, ikatulia pale alipozoea kulala Kadogo.

"Mama, niongezee uji," Kadogo akasema siku moja. "Mwenzangu hajashiba."

"Mwenzako yupi?"

"Si huyu ninayelala naye. Mama yake hajaja kumchukua."

Mchana ule, watoto walipolala, Mama Kadogo alisimama akawatazama. Kadogo alikuwa ukutani, mahali pake pa siku zote. Pembeni yake palikuwa na shuka jingine lililoumuka kama lina mtu ndani, na hakukumbuka kulitoa sandukuni. Akainama, akaligusa kwa ncha za vidole, upande wa miguuni. Baridi! Tena unyevu. Akajiziba mdomo asije akapiga yowe, akaamsha watoto wa watu.

Mama mkwe hakuuliza mara mbili. Akatoka na kanzu yake ya jikoni vilevile, akarudi na mganga, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Wakakaa jikoni watatu, wakinong'ona.

"Kuna mtu aliyekuletea mtoto, nawe hukumwona uso?" mganga akauliza.

Mama Kadogo akatikisa kichwa, halafu akakumbuka. Siku ya kwanza ya kazi, uji unafurika, mtoto mmoja analia mgongoni, sauti ya mwanamke iliuliza mlangoni pa jikoni, "Na wa kwangu utampokea?" Naye bila kugeuka akajibu, "Mlete tu, dada. Hapa wote ni wangu." Alipogeuka hakuona mtu. Akasahau.

"Ole wako," mganga akasema. "Huyo siwezi kumfukuza, umemkaribisha kwa mdomo wako. Nitamwita mama yake aje amchukue leo, jua likizama. Aliyempokea ndiye atakayemkabidhi."

"Basi mimi nimtoe mjukuu wangu humu sasa hivi!" mama mkwe akadakia.

"Thubutu. Ukimtoa, na mwenzake atamfuata. Waacheni walale." Mganga akamshika Mama Kadogo mkono. "Nisikilize, mwanangu. Kabla hujamtoa, mwamshe, umtazame machoni. Mtoto wa binadamu ukimkatiza usingizi, atalia. Asiyelia ndiye umtoe."

"Na nikikosea?"

"Usikosee."

Jioni wazazi wakachukua watoto wao. Mganga na mama mkwe wakatoka nje, upande wa barabarani. Sebuleni yakabaki mashuka mawili na yeye.

Jua likazama, harufu ya jivu ikajaa nyumba mpaka macho yakamwasha, na mlango wa jikoni ukabishwa polepole, na yeye akapiga magoti mkekani akijiambia mwamshe, mwamshe kwanza, lakini akifikiria macho atakayoyakuta chini ya lile shuka mwili mzima unamsisimka, na kule ukutani ni Kadogo, si ndiko anakolala siku zote, kwa hiyo wa huku ndiye, na mlango ukabishwa tena, na mikono yake ikafanya ilichozoea kufanya, mmoja shingoni, mwingine magotini, ikamnyanyua huyu wa pembeni kwa ulaini uleule, na kope haikutikisika, na mikono mirefu yenye maji ikampokea gizani.

"Ahsante kwa kumlea," sauti ikasema.

Mganga akaingia mbio. "Hakulia?"

"Sikumwamsha."

Hapo ndipo kilio kiliposikika huko nje, mbali kuliko mtu anavyoweza kutembea kwa muda ule. Kilio cha mtoto aliyekatizwa usingizi. "Mama! Mama!"

Mama Kadogo alikimbia miguu mitupu mpaka barabarani, akaita mpaka sauti ikamkauka. Aliporudi, shuka la ukutani lilikuwa limekaa kitako. Lilipoanguka, akamwona mtoto mwenye uso wa Kadogo, macho makavu, anamtazama.

"Mama," kikasema, "nina njaa."

Hapokei tena watoto wa watu. Kila jua likizama hukiamsha kile kitoto, hukibeba mpaka mlango wa jikoni, akasubiri abishiwe ili abadilishe. Hakijawahi kulia. Wala hakuna anayebisha.

Ndala za Kadogo alikuwa ameziacha palepale mlangoni, kavu, hataki mtu aziguse. Juzi adhuhuri alitoka kumwaga maji, akazikuta zimelowa.