Shujaa wa Kuazima

Kila asubuhi Wamaitha aliwasha jiko, akamkorogea uji bibi yake, aliyemwita Cucu, kisha akakimbia shuleni hapo Kiamunyi. Ilikuwa likizo, lakini walimu wa shule za jirani walikuwa wakifunzwa pale namna ya kufundisha vita vya Mau Mau. Wanafunzi wachache waliitwa ili walimu wajaribie masomo yao.

Zamu ikawa ya Mwalimu Chelangat. "Kila mtu atuambie shujaa wa kwao," alisema.

Wamaitha alijua kwamba baba wa Cucu alikuwa homgadi, mlinzi wa serikali ya mkoloni. Aibu ilimkaba. Akasimama na kudai kwamba mzee huyo aliingia msituni kupigana na mkoloni, akakamatwa alipokuja kutafuta chakula, asirudi tena. Walimu walimpigia makofi. Mwalimu Chelangat akaahidi kwamba kisa hicho kitafundishwa katika shule zao zote.

Njia ya mwongo ni fupi. Jioni hiyohiyo Mwalimu alipita kwao kumpongeza Cucu. Ajuza alisikiliza hadi mwisho, uso umemshuka.

"Wamaitha, hicho kisa nilikupa mimi, lakini ni cha Kiragu, jirani yetu. Kitu sikukuambia ni nani alionyesha askari mahali Kiragu alikuwa anakuja kula. Ni baba yangu."

Wamaitha alilia kwa kwikwi. "Mwalimu, si uwaambie tu nilikosea?"

"Hapana," Mwalimu alijibu. "Kesho utawaambia mwenyewe."

Kesho yake alisimama mbele ya walimu walewale, akasema yote: homgadi, Kiragu, na uongo wake. Hakuna aliyepiga makofi. Hata rafiki yake Quincy aliinamisha kichwa. Wamaitha alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mwalimu Chelangat aliwageukia wenzake. "Kosa la kwanza ni langu. Niliwaomba watoto mashujaa, na mtoto asiye na shujaa ataazima. Tuwaulize kilichotokea kwao, hata kama kinauma."

Kisha akamshika Wamaitha bega. "Si wewe uliyemuuza Kiragu, mwanangu, na aibu ya wazee wako si kosa lako. Lakini Kiragu alinyang'anywa uhai, halafu jana tukamnyang'anya hata kifo chake, tukampa mtu aliyemuuza. Ndiyo maana ukweli lazima usemwe. Leo umemrudishia."