Ng'ombe Wasiohesabiwa

Nanyori alikuwa uani, Kaloleni, akichambua maharage. Alitupa maharage akabakiza vijiwe. Hakuona, maana macho yalikuwa yamejaa machozi.

Jirani yake, Mama Godbless, alikuwa akianua nguo. Yeye ni afisa utumishi katika shamba la maua. Kila mwezi husaili watu wanaoomba kazi.

"Nanyori, leo tunakula mawe?"

"Shikamoo, mama. Nimekosa tena."

"Marahaba. Ile kazi ya kiwanda cha maziwa?"

"Ndiyo. Ni hii GPA yangu ya 2.8. Baba aliuza ng'ombe ili nisomee mifugo chuo kikuu. Sasa mdogo wangu Nalepo amechaguliwa kidato cha tano, baba amekataa asiende. Anasema shule imeshakula ng'ombe wa kutosha. Mimi ndiye niliyemponza."

Msimcheke. Kumponza mdogo wako kunauma kuliko njaa.

Mama Godbless aliketi juu ya ndoo. "Sikudanganyi, alama zina kazi yake. Wapo waajiri wanaotaka 3.5. Hao waache, utachoka bure. Wengi hutumia alama kuchagua watu wa kuwaita. Hawa walikuita?"

"Waliniita."

"Basi 2.8 walishaiona, na bado wakakuita. Uliangukia kwenye usaili. Walikuuliza nini?"

"Waliuliza nyumbani tuna ng'ombe wangapi. Nikasema, wapo tu."

"Wapo tu?"

"Mama, kwetu Oldonyo Sambu ng'ombe hawahesabiwi. Ukiwahesabu unawaletea mkosi."

"Halafu?"

"Wakauliza mimi nimewafanyia nini. Nikasema ni kazi ya baba, nilisaidia tu. Mtoto hajisifu mbele ya wakubwa."

Mama Godbless alishika kichwa. "Jamani! Walikuona hujawahi kushika hata ndama! Hebu niambie mimi. Ulisaidia nini?"

Nanyori alieleza polepole. Aliwahi kumvuta ndama aliyekwama wakati wa kuzaliwa, wakapona ndama na mama yake. Aliwahi kupapasa tezi iliyovimba chini ya sikio la mtamba, akajua ni ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, akamwita daktari wa mifugo mapema. Majirani aliwafundisha kuogesha ng'ombe ili kuua kupe.

"Na hayo yote hukuyasema?"

"Sikuyasema."

"Kusema kazi uliyoifanya si majivuno. Iandike kwenye wasifu wako, uiseme kwenye usaili. Ila usiongeze hata chembe. Na wakiuliza tena idadi ya ng'ombe, waeleze mila yenu, kisha waonyeshe unavyowajua."

Walifanya mazoezi jioni, Mama Godbless akiuliza, Nanyori akijibu. Aliomba kazi tena. Mahali pa kwanza hawakumjibu. Pa pili walimkataa. Julai ikafika. Wenzake Nalepo wakapanda gari kwenda shule, naye Nalepo akapeleka ng'ombe malishoni. Siku hiyo Nanyori alilala bila kula. Aliona kila kitu kimekwisha.

Wiki iliyofuata chama cha wafugaji kikamwita kwenye usaili. Kikampa kazi ya mkataba wa mwaka mmoja. Mshahara ni mdogo. Hata hivyo ni kazi, na ni ya mifugo.

Alimpigia baba yake simu.

"Walikuuliza habari za ng'ombe?" baba aliuliza.

"Waliuliza, baba."

"Ukawahesabu?"

"Hapana. Niliwaeleza kwa majina na rangi zao. Nikasema yupi aliugua nini na nilimfanyia nini. Hata wale uliowauza kwa ajili yangu, bado nawakumbuka."

"Kumbe shule haikuwala bure," baba alisema. Kisha Nanyori akamsikia akiita kwa sauti kubwa:

"Nalepo! Rudisha ng'ombe zizini. Kesho unakwenda shule."